Kanuni ya Siku Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mama Watoto,

Leo nimemshinda Kisigino! Unamjua. Chumba kimoja cha kazi, mafundi wawili, mimi na saa zangu, yeye na viatu vyake, na dirisha moja tu. Viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua vimepanda mpaka nusu ya dirisha. Saa nne asubuhi natafuta skrubu ndogo kama chawa, gizani!

Basi nimeandika kanuni. Kwa wino, herufi kubwa: KITU CHOCHOTE KISICHOGUSWA KWA KAZI SIKU SABA KITOLEWE NJE. Nikamwambia ni kwa faida yetu sote. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akauliza, kitu chochote? Nikamjibu chochote, ndugu yangu, sheria haina macho. Akatia sahihi. Nimeibandika ukutani kwa gundi ya viatu. Yake. Sikuomba.

Ungekuwepo ungeniambia nisicheke mapema. Nimecheka.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshindwa kungoja. Nimeanza na ndoo yake iliyotoboka. Akasema siku saba zihesabiwe tangu Jumatatu tulipotia sahihi. Nikamwambia ndoo haijaguswa tangu mwaka jana, kila mtu anajua, na kanuni ni kanuni. Nikaigonga karatasi kwa kidole. Akaitazama karatasi, akaitazama ndoo, akaitoa mwenyewe mpaka uani.

Hakununa. Hilo limenitia wasiwasi kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Mjanja huyu! Tangu asubuhi anapitisha brashi. Kila kiatu mpapaso mmoja, huku akipiga mluzi. Viatu sitini na vitatu (kimoja hakina mwenzake). Ati ameshavigusa kwa kazi, Bwana Dakika (ndivyo anavyoniita), tuonane wiki ijayo.

Kisha akakung'uta brashi, akatazama dirishani. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa: na kile kiti, aliyekigusa mwisho ni nani?

Kiti chako, Mama Watoto. Kile kifupi. Ulikuwa ukikaa hapo ukifuma vitambaa na kuwaambia wateja saa yao itakuwa tayari kesho, na ulizijua kesho zangu. Mto wake bado una kibonde ulipokaa. Sijamruhusu mtu kukikalia. Hata vumbi lake sifuti, napuliza tu.



Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa mama mwenye nyumba. Nimemkuta anakunja nguo. Nikamweleza kwamba karatasi ile haina muhuri, haina wakili, haina shahidi, kwa hiyo ni takataka. Akashuka nami, akavaa miwani. Akauliza nani kaiandika. Mimi. Nani katolewa ndoo? Yeye. Kwa amri ya nani? Nikakohoa.

Akasema: “Baba, Jumatatu hii ilikuwa karatasi tu. Jumatano ulipoitolea ndoo ya mwenzio, ikawa sheria. Serikali haihusiki, mmekubaliana wenyewe. Imekula ndoo, itakula na kiti.”

Akaanza methali ya mchimba kisima. Nikaondoka kabla hajafika mwisho.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya saba. Nimekuja na akili mpya: kiti nacho kitafanya kazi! Kukikalia siwezi, kibonde kitaharibika. Nikalaza juu yake saa ya ukutani, nikatangaza kuwa hiyo sasa ni meza yangu ya pili. Saa ikateleza, ikaanguka, ikapiga mara kumi na moja. Ilikuwa saa tatu. Kisigino akaficha uso kwenye buti.

Kisha akaingia mwalimu mmoja, mtu wa mwili hasa. Akashukuru kwa kiti, akaanza kujishusha. Nikapiga kelele, usikae! Akaruka kama aliyeona nyoka. Ameondoka na saa yake mbovu na maoni yake kuhusu mafundi wa siku hizi.

Kisigino akaacha kucheka.

Kabla ya kufunga nilikitoa mwenyewe. Sheria ni sheria, nami ndiye niliyeiandika, nimlaumu nani? Nimekiweka kwenye korido. Kilionekana kidogo, kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa. Nyumbani nimefika, lakini usiniulize nilipita wapi.

Jumanne, 12 Machi

Nimefika nimekuta kiti kimerudi dirishani. Nikadhani ananidhihaki. Nimemkuta amesimama mbele ya karatasi, kalamu yangu mkononi. Akasema kanuni imefungwa na wawili, na wawili hao wanaweza kuilegeza, hakuna wa tatu wa kudai.

Kisha akaangua mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango. Viatu vyako vyeusi! Visigino vipya. Akasema ulivileta Jumanne, na Ijumaa tukakuzika, na tangu siku hiyo hakujua aanze na neno gani. Mimi na herufi zangu kubwa nilikuwa natafuta namna ya kuvitupa uani pamoja na vingine.

Tulikaa. Mteja alichungulia, akaenda zake.

Mwishowe Kisigino akasema lazima tuandike, maana ananijua, kesho nitadai hatukukubaliana. Tukaongeza chini: ISIPOKUWA VITU VYA MAREHEMU. Sahihi mbili. Akaniomba niisome kwa sauti. Nilikwama kwenye neno la mwisho, akalisoma yeye.

Viatu vyako viko chini ya kiti.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeisoma upya nyongeza yetu. Ni tamu! Imesema vitu. Haikusema vitu gani. Ukuta wote wa dirishani uliuegemea wewe. Pembe ya meza ya Kisigino uliwekea kikombe. Ule msumari anaotundikia ngozi zake ulitundikia mtandio, nakumbuka, wa kijani. Kwa sheria tuliyoifunga wenyewe, upande wote wenye mwanga ni wako. Na mrithi wako ni nani?

Asubuhi nimempa orodha, kwa adabu. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akauliza kama marehemu alikuwa akikanyaga sakafu ya chumba hiki. Nikasema kila siku! Akasema basi tukusanye vyombo, twende uani wote wawili, tumwachie mwenyewe chumba chake.

Natayarisha jibu. Ni suala la kupata maneno tu.

Ukiulizwa huko uliko, sema kweli uliuegemea ule ukuta. Nami unikumbuke.