Uzinduzi wa Jiko Lisilotoa Moshi

Mheshimiwa Bosi, mwenye karakana hii, mwenye mbao, mwenye misumari na mwenye sauti, Mheshimiwa Mke wa Bosi, ambaye hakuja lakini kiti chake kimekuja, wakuu wa idara zote, yaani Idara ya Msumeno, Idara ya Randa, Idara ya Kukereza na Idara ya Kulala Chini ya Benchi Baada ya Kula, Mpiga Rangi wetu, mwenye mikono ya rangi nne na moyo mweupe, Duara, fundi wa kukereza mbao ziwe mviringo, tunayemwita hivyo kwa sababu ya kazi yake wala si kwa sababu ya tumbo lake (kicheko, Duara anafunga kifungo cha shati), Mlinzi wa lango, uliyekubali kuamka kwa ajili ya shughuli hii, majirani mlioning'inia ukutani bila mwaliko, na wewe Shangazi yangu wa damu, dada wa baba yangu, mpishi mkuu wa karakana, uliyesimama pale mlangoni na mwiko mkononi: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, imepewa taarifa.

(Makofi. Mtu wa Idara ya Randa anauliza kama chakula ni kabla ya hotuba au baada.)

Baada, ndugu yangu. Mtu akishashiba hasikii maendeleo.

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, sifa ambayo wachache wanayo na mimi ninayo kuwazidi wote, nikiwa Mwenyekiti, Katibu na Msemaji wa Kamati ya Mpito ya Jiko la Kisasa. Wapo wanaonong'ona kwamba sikusoma. Nawajibu hadharani: kidato cha pili nilikifikia kwa miguu yangu, na kidato cha tatu nilikisalimia kupitia dirishani. (Shangazi: "Na dirisha lenyewe ukalivunja.") Kumbukumbu za kikao zisichukue maneno hayo.

Ndugu wadau, mnajua tulikotoka. Cheche moja ya mkaa iliruka kutoka kwenye jiko la Shangazi, ikapita juu ya benchi la Duara bila hata kubisha hodi, ikatua kwenye maranda makavu. Tungekuwa majivu sote, pamoja na kabati la bibi harusi tulilokuwa tunalimalizia, kama Mlinzi asingemwaga chai yake pale, chai ambayo anaililia mpaka leo. (Mlinzi anainamisha kichwa.) Ndipo Bosi akatoa tamko la kihistoria, nalinukuu kwa kuwa nilikuwa nimejificha karibu: "Sitaki mkaa ndani ya karakana yangu. Leteni jiko lisilo na moto. Siku ya kulizindua nisipoonja chakula cha maana, Shangazi afungashe masufuria aende zake, na kila mtu aje na chakula chake." Mwisho wa kunukuu.

Siku yenyewe ndiyo hii. Masufuria ya Shangazi yako pale mlangoni, yamefungwa kwenye shuka tangu asubuhi, yote isipokuwa moja. Na mimi, ambaye bila wali wa Shangazi ningekuwa mfupi kuliko randa, niliapa halitatoka hata moja. Tujiulize, Duara anayeishi peke yake angekuja na chakula gani hapa? (Duara: "Mkate.") Na kesho yake? (Duara: "Kama umebaki, mkate.") Mnaona ukubwa wa janga.

Kamati haikulala. Au ililala, lakini kwa zamu. Tulifanya fizibiliti, tukachakata mchakato, tukaunda mkakati wa kuimarisha kapasiti, na utafiti wangu binafsi ukabaini kwamba asilimia mia na kumi na mbili ya mafundi wote wanapenda kula. (Sauti: "Hao kumi na mbili wametoka wapi?") Ni hao walioning'inia ukutani.

Suluhisho tuliloliona ni jiko la halojeni. Nalifafanua kwa lugha nyepesi, kwa faida ya wale ambao hawakufika kidato cha pili. Jiko hili linakaa juu ya meza, kama mgeni asiye na adabu. Chini kuna bakuli kubwa la kioo, nene, unaona chakula kinavyogeuka rangi kama unavyotazama runinga. Juu kuna kifuniko, na ndani ya kifuniko kuna taa ya halojeni, inayowaka ikawa kama jua la saa saba, na feni ndogo inayouzungusha ule upepo wa moto, ili kuku aive ubavu huu na ubavu ule bila kugombana. Moshi hakuna, majivu hakuna, macho mekundu hakuna.

(Jirani, kutoka ukutani: "Mbona kile kibanda nyuma kinatoa moshi?")

Ule ni mvuke wa teknolojia. Majirani watulie au washuke.

Katika kununua, mteja makini haangalii urembo. Anaangalia bakuli, lisiwe na ufa hata wa unywele, maana kioo chenye ufa kikipata moto hakisamehe. Anaangalia ukubwa, kwa sababu kuku anayekunjwa kama barua ndipo aingie hawezi kuiva kwa furaha. Aulize pia kama lina ile pete ya chuma ya kuliongezea kina, na nyavu mbili, ya chini kwa nyama nene na ya juu kwa vitu vyembamba vinavyotaka kubabuka. Na mpini wa kifuniko ndio ufunguo: ukiulaza jiko linawaka, ukiuinua linazima lenyewe. Hata Mlinzi anaweza kulitumia akiwa usingizini. (Mlinzi: "Nimeamka.") Tumeona.

(Bosi anatazama kitu kilichofunikwa kitambaa chekundu juu ya meza. "Kijana, funua basi.")

Mheshimiwa Bosi, haraka haraka haina baraka, na hotuba hii ina kurasa nyingine. Lakini ili usikae bure, Kamati imekuandalia sampuli. Shangazi, mletee Bosi sampuli.

(Shangazi anatoka kibandani na sahani. Kuku mzima, ngozi imekauka na kung'aa. Harufu inapita safu kwa safu, na watu wananyooka vitini. Bosi anachukua paja.)

Bosi akiendelea na ukaguzi wa kitaalamu, nazungumzia matunzo, ambayo ndiyo yanawashinda watu wa aina yetu. Ukimaliza kupika, subiri jiko lipoe. Ukimwagia maji baridi bakuli la moto utaokota vipande mpaka chini ya benchi la jirani. Kifuniko hakizamishwi majini abadani, kina umeme kile, kinapanguswa kwa kitambaa kibichi kidogo baada ya kuchomolewa, na kikiwa bado cha moto kinawekwa kwenye kishikio chake, si juu ya meza ya plastiki, isipokuwa kama meza hiyo ni ya adui yako. Taa usiiguse kwa vidole vyenye mafuta. Bakuli lina bahati kuliko sisi sote: unatia maji na tone la sabuni, unaliwasha kidogo, linajiogesha lenyewe. (Shangazi: "Nilikulea miaka yote hiyo, hujawahi kujiogesha hivyo.") Kumbukumbu, tafadhali.

Sasa ripoti ya utekelezaji. Mnajua desturi ya karakana hii. Sisi hatununui kitu kwa macho. Bosi alipotaka friji, kwanza tulitengeneza friji ya plaiwudi, tukaipitisha mlangoni kuona kama itaingia, na ile friji ya plaiwudi ikawa nzuri mpaka mke wa Bosi akaiwekea nguo. Kwa desturi hiyohiyo, Idara ya Msumeno imetengeneza meza ya jiko, Idara ya Randa imeilainisha kama shavu la mtoto, na wote kwa pamoja tumelijengea jiko kibanda cha matofali nje, nyuma ya karakana, chenye madirisha mawili ya hewa, kwa sababu kitu cha thamani hakikai kwenye maranda. Hayo yamekamilika kwa kiwango cha kimataifa.

(Bosi anachukua paja la pili. Anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari njema.)

Naona paja la pili limeshikwa. Kwa itifaki, paja la pili ni saini.

Kabla ya kufunua, shukrani. Namshukuru Duara, aliyekereza bakuli zima kutoka kwenye gogo moja, bila kiungo, mviringo hadi nikatamani kulia. (Minong'ono.) Namshukuru Mpiga Rangi, aliyelipaka vanishi mkono baada ya mkono mpaka ukilitazama kwa mbali, na jua likiwa nyuma yako, unaapa ni kioo. (Mpiga Rangi: "Lakini kile si kilikuwa kielelezo cha kupimia meza?" Duara: "Mimi nilijua Msumeno wamekwenda dukani." Msumeno: "Sisi tulijua ni Randa.") Nazishukuru idara zote kwa kuaminiana kiasi hicho. Nairudisha kwa Bosi bahasha ya fedha za kununulia jiko ikiwa na gundi yake, haijafunguliwa, jambo ambalo Kamati inalihesabu kuwa ni ubanaji matumizi usio na mfano.

(Kitambaa kinavutwa. Jiko la mbao linang'aa juu ya meza, na mpini wake, na feni yake ya vijiti.)

(Bosi, mdomo umejaa: "Na huyu kuku?")

Huyo ni wa Shangazi, Mheshimiwa. Kwa mkaa.

(Bosi: "Nilisema sitaki mkaa ndani ya karakana.")

Ulisema ndani, Bosi. Kibanda kiko nje, tumekijenga kwa matofali, na maranda hayafiki kule hata kwa upepo wa mwezi mzima.

(Bosi anakitazama kibanda, anautazama mfupa, anamtazama Shangazi. "Viazi vipo?" Shangazi anainama pale mlangoni, anafungua fundo la shuka, na kuchomoa sufuria la kupikia viazi.)

Basi, ndugu wananchi wa karakana, tuitikie kaulimbiu yetu. Jiko la kisasa. (Watu: "Halitoi moshi.") Halichagui. (Watu: "Mpikaji.") Halina. (Watu: "Majivu." Jirani: "Wala lenyewe halipo.")

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Na anayejua upepeo ulipo ampe Mwenyekiti haraka, moto wa jiko la kisasa unataka kufa.