Mama Asifike Ufukweni

Kasingirima, Ujiji
Oktoba 1997

Ndugu Afisa Utamaduni,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, na ndiye mtunzi wa mchezo wa kuigiza utakaoonyeshwa ukumbini kwa Mzee Dismasi, mfanyabiashara wa dagaa na sabuni za mawese. Ametupa ukumbi, karabai na mapazia. Tunamshukuru. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo wangu unahusu binti anayemsubiri ufukweni mama yake, aliyebaki ng'ambo ya ziwa vita vilipoanza. Mama hafiki, pazia linafungwa. Mzee Dismasi anasema watu hawalipi kiingilio ili walie, maana kulia wanalia nyumbani bure. Ameagiza mama afike.

2. Nimemfikisha. Sasa Mzee anataka mama ashuke botini na sabuni ya dukani kwake, na kabla ya kumkumbatia binti amnawishe uso, povu lionekane hadi viti vya nyuma. Nilimweleza kwamba mkimbizi hakimbii na sabuni. Akanijibu kwamba mwenye akili angekimbia nayo.

3. Mwanajeshi katili wa mchezo wangu sasa anatubu kwa sababu amenusa dagaa wakikaangwa.

4. Ziwa, ambalo kwangu lilikuwa kimya, sasa linaigizwa na Gideon, mpwa wa Mzee Dismasi, na linataja bei.

Kwa hiyo naomba uagize kwamba hakuna mama atakayefika ufukweni katika mchezo wowote wa wilaya hii bila kibali cha mtunzi. Pia mfanyabiashara asidhamini sanaa mpaka mjumbe wa nyumba kumi athibitishe kwamba amewahi kumwona akilia. Ikishindikana, naomba ziwa lifungwe kwa boti zote za jukwaani.

Wasalimie wote ofisini, hasa karani aliyetuazima kiti chake kiwe boti.

Wako katika sanaa isiyouzwa,
Brigita Vedasto

Nyongeza: Leo tumefanya mazoezi ya mwisho huo wa Mzee Dismasi. Binti anaigizwa na Mapendo, aliyevuka kutoka Uvira mwaka jana na shangazi yake. Mama yake mwenyewe hajavuka bado. Mapendo alipokwisha kunawishwa alikataa kufutwa povu. Akaniambia, "Dada Brigita, turudie pale mama anaposhuka."

Tumerudia mpaka sabuni imeisha. Sina karatasi nyingine, kwa hiyo naomba barua hii uisome kama maombi ya sabuni.