Gundi ya Unga

Jumatatu, 9 Juni

Kazi yangu imerudi. Nyekundu tupu! Na juu kabisa Mwalimu wetu wa mabango kaandika neno moja: "Inasonga." Basi. Wiki nzima ya jasho, neno moja.

Nikamuuliza inasonga kivipi. Akasema herufi zangu zimebanana, hazipumui, niziachie nafasi. Nikamwambia, Mwalimu, herufi hazina pua. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Mtu gani huyu asiyecheka?

Nafasi, nafasi, nafasi! Tangu muhula uanze wimbo ni huo huo. Mimi naishi chumba kimoja na mume, mtoto, jiko, kapu la nguo na baiskeli za wateja wa mume. Nafasi ningejifunzia wapi?

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kila mmoja wetu alete bango la kutangaza chanjo ya watoto. Muuguzi mkuu wa kliniki atakuja kuchagua moja likachapishwe, libandikwe kila mahali. Halafu Mwalimu akaongeza kuwa wale wanaovuta mkia wasipoonyesha kitu safari hii, muhula ujao wasijisumbue kuja. Akasema "wale". Akanitazama mimi.

Nyumbani, mama mkwe alishapata habari. Nani kamwambia? Mume wangu, ambaye mdomo wake hauna kitasa. Mama mkwe akasema mjukuu wake anamlea kwa mapenzi, ila halei ili mimi nikakate makaratasi. Nikianguka Ijumaa, Jumamosi nikae naye dukani niuze nyuzi na vifungo. Kigoda ameshanitafutia. Ameshakipangusa vumbi!

Nilimbeba Donge wangu nikamnusa shingo. Mtoto ana mikono minene hadi viwiko havionekani. Mimi shule niliiacha njiani, lakini mwandiko nilikuwa nao. Nataka siku moja Donge apite barabarani, asome ukuta, aseme: hii ni kazi ya mama.

Mpango ninao. Wenzangu wataweka vitu viwili vitatu. Mimi nitaweka vyote. Haba na haba hujaza kibaba!

Jumanne, 10 Juni

Siku ilianza vizuri, ndiyo maana ikaharibika.

Gundi yangu imekauka kopo zima. Basi nikaenda kukaa karibu na Bi Rula. Huyu ni binti aliyemaliza shule juzi juzi, haendi hata chooni bila rula. Penseli zake zote zina urefu mmoja. Nikamsifia nywele. Nikamsifia viatu. Nikamsifia rula. Alipoinama kuchonga penseli, gundi yake ya kijiti ikawa gundi yetu.

Nikabandika upesi upesi. Juu: LETE MTOTO, herufi kubwa nyeusi. Nilitaka kila herufi iwe ya namna yake, moja nene, moja yenye mkia, moja yenye vidoti, ipendeze. Lakini Mwalimu alisimama nyuma yangu kama askari mpaka nikazikata zote sura moja, na kuziachanisha, na kuzipima. Katikati nikabandika kichwa cha mtoto, nimekikata kwa karatasi nyeusi bila kuchora. Mashavu yalitoka yenyewe. Ni Donge mtupu! Chini: JUMAMOSI TAREHE 28, KLINIKI.

Hapo Bi Rula akageuka. Akaipima gundi kwa rula. Naapa, kwa rula! Akasema dada, gundi ilikuwa ndefu, imekuwaje fupi? Nikasema labda joto. Akaitia ndani ya mkoba, akafunga zipu, akaukalia mkoba.

Mchoyo! Mtu anakalia gundi kama kuku!

Nikapata nafasi ya kuchungulia bango lake. Karatasi nyeupe pe, na katikati kimstari kimoja cha maandishi, chembamba kama safari ya mchwa. Basi. Nikamhurumia, nikadhani kwao hawana hata magazeti ya kukata. Nikamwambia mdogo wangu, njoo nikupe maua mawili. Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate kwenye chai. Akasema bango lake limekwisha.

Limekwisha! Maskini. Huyo sina wasiwasi naye tena.

Jumatano, 11 Juni

Nani anahitaji gundi ya Bi Rula? Unga upo, maji yapo, moto upo. Nimekoroga gundi ya unga sufuria nzima. Mume alirudi, akachungulia jikoni, akauliza tunakula nini. Nikasema hiyo si ya kula. Alikuwa ameshaonja.

Halafu nikakata. Maua kutoka kwenye boksi la biskuti. Jua kutoka kwenye gazeti. Vipepeo kutoka kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu picha ya Juni ilikuwa bustani. Mume akapiga kelele, ati nyuma ya Juni kulikuwa na Julai! Atajuaje tarehe? Nikamwambia Julai ikifika tutairudia Juni. Mwanamume akakaa kitandani, akashika kichwa.

Nikaendelea. Sindano. Mama anayetabasamu. "Karibuni nyote." "Na akina baba pia." "Osheni mikono." Mzunguko wa maua pembeni. Bado pakabaki pahali kona ya kulia, chini. Pananiangalia tu!

Ndipo akili ikanijia. Nikakata karatasi nzuri, nikaandika: NYUZI NA VIFUNGO VYA KILA RANGI, DUKANI KWA BIBI, NYUMA YA KLINIKI. Nikampelekea mama mkwe aione kabla sijaibandika. Alivaa miwani. Akaisoma. Akaisoma tena, midomo ikicheza. Akasema si mbaya. Akasema ila "vifungo" vingekuwa vikubwa zaidi. Ni mara ya kwanza mama mkwe ananiomba nifanye kitu zaidi badala ya kuacha!

Mume kuona hivyo, hasira za Julai zikaisha. Ati na yeye? Ati fundi baiskeli hana mtoto wa kuchanjwa? Nikambandikia kibaiskeli karibu na sindano.

Sasa bango limejaa. Pakiwa patupu ni tusi. Mgeni hawekewi mezani sahani tupu.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu amepita kukagua. Kwa Bi Rula alisimama, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema tu herufi ni ndogo mno, azikuze. Bi Rula akasema udogo ndio uzuri wake. Kiburi! Mimi nikawa nampa moyo Mwalimu kimyakimya: mseme, mseme.

Akafika kwangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza jicho la mtu litue wapi. Nikasema litue popote, kote kuna kitu. Akauliza baiskeli inahusu nini. Nikasema ni usafiri wa kuja kliniki. Akauliza nyuzi. Nikakohoa. Nikamkumbusha kuwa haba na haba hujaza kibaba. Akasema, "Kibaba kimejaa, mama. Sasa kinamwagika miguuni kwetu."

Akanipa amri: toa nusu. Akasema aliyebeba mtoto hasimami kusoma gazeti njiani. Halafu akainama, akasema taratibu kwamba chini ya takataka hii kuna bango zuri, na kwamba yeye amechoka kulitafuta.

Takataka! Maua yangu!

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikasema haya, natoa. Nikaanza na kipepeo kimoja cha pembeni. Donge akaona, akanyoosha kidole, mdomo ukapinda, machozi hayo. Nikakirudisha. Nikajaribu kutoa jua. Roho ikaniuma. Nikagusa tangazo la nyuzi, mama mkwe akapita dirishani. Nikaondoa mkono kama nimegusa jiko.

Hakuna kilichotoka. Nimeongeza ua moja, la kufunika alama ya kidole.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi gundi ilikuwa bado mbichi, bango linanata kama asali. Nikaliegemeza ukutani juani. Likakauka. Likakauka mno! Likawa gumu kama kigae, halikunjiki. Mama mkwe alishaondoka mapema kwenda dukani, akaacha ujumbe kwamba kigoda kinanisubiri. Basi nikamfunga Donge mgongoni, bango nikalibeba mbele kwa mikono miwili kama sinia.

Nilipofika barabarani, upepo. Nikasikia "tap". Kipepeo kimeruka. Donge akapiga kelele ya furaha. Tap, tap! Gundi ya unga ilikuwa inapasuka kama tope la kiangazi. Ua likaruka. Jua likaruka. Yule mama anayetabasamu akaenda zake anatabasamu. Nikikimbilia sindano, baiskeli inatoroka. Mwanamke mmoja akaokota karatasi, akanipungia. Sikuweza kusimama, saa ilikuwa imefika. Kadiri nilivyokimbia ndivyo vitu vilivyotoka, na Donge mgongoni anapiga makofi!

Nilipoingia darasani bango lilikuwa uchi. Yaani uchi! Kilichobaki ni kile nilichobandika kwa gundi ya Bi Rula: LETE MTOTO, kichwa cha Donge, na tarehe. Kwingine kote weupe. Nikataka kugeuka nirudi. Mwalimu akalichukua mikononi mwangu, akalitundika ukutani. Nikakaa nyuma kabisa, nikaanza kukiwaza kile kigoda. Je, kina mgongo?

Muuguzi mkuu akafika. Mama mnene, sauti ya kuamsha kijiji. Aliingia mlangoni akasimama pale pale. Akasoma kutoka mlangoni, "Lete mtoto. Jumamosi tarehe ishirini na nane." Akasema, "Mnaona? Hata miwani sijavaa." Kwa Bi Rula alilazimika kuinama hadi pua ikakaribia karatasi. Akamwambia, "Binti yangu, mtoto wa kuchanjwa atakuwa ameshaoa kabla sijamaliza kukutafuta hapa."

Akarudi kwangu. Akamtazama yule mtoto mweusi wa karatasi, akamtazama Donge mgongoni kwangu. Akasema ni hili.

Mwalimu akaita darasa zima. Akaonyesha ule weupe kwa mikono miwili kama anaonyesha shamba lake. Akasema huu ndio ujasiri, kuacha. Akasema usiku hakulala akidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa nafikiri. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi nikafungua mdomo nieleze. Ukajifunga wenyewe. Nikasema, "Nilifikiri sana, Mwalimu."

Bi Rula alisogea akanusa bango. Akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni gundi yangu."

Jumatatu nilete nakala safi kwa ajili ya mashine. Mchapishaji akiipokea, kiti changu cha muhula ujao ni changu. Mwalimu akaniambia usiguse kitu, fanya hivi hivi tu. Ndiyo, Mwalimu! Ndiyo!

Jumamosi, 14 Juni

Furaha ilidumu hadi saa ya chai.

Mama mkwe alirudi kutoka dukani anang'aa. Ati wateja watatu wamemjia, mmoja na karatasi mkononi, wanauliza hapa ndipo kwa Bibi mwenye vifungo vya kila rangi? Kumbe ni yule mwanamke wa njiani! Akasema tangazo langu lina baraka, na kwamba Donge atamlea mpaka aote ndevu. Kigoda akampa mteja akikalie.

Halafu akataka kuona lilivyokaa kwenye bango lililoshinda.

Nikamwonyesha. Akauliza duka lake liko wapi. Mume akauliza baiskeli yake iko wapi. Donge akaangalia pale palipokuwa na kipepeo, akaniangalia mimi. Watu watatu wananitazama kama mwizi!

Nimekaa nikafikiri vizuri, bila kelele za darasani. Muuguzi alilipenda bango likiwa halina kitu. Je, angeliona kamili? Si angelia! Na Mwalimu yule, kama weupe tu umemtoa machozi, akiona jua na maua itakuwaje? Kosa halikuwa la maua. Maua yamefanya kosa gani? Kosa lilikuwa la unga.

Nimekwenda kwa fundi viatu. Nimemwomba gundi ile anayobandikia soli.

Jumapili, 15 Juni

Nakala safi imekamilika. Nimeanza na LETE MTOTO kama alivyosema Mwalimu, hivi hivi, sikugusa kitu. Kisha jua. Kisha maua, safari hii mistari miwili. Baiskeli. Sindano mbili, moja ya watoto na moja ya kupendeza tu. Duka la mama mkwe, "vifungo" vikubwa kama alivyotaka. Vipepeo nimemwachia Donge achague mahali. Kapenda puani pa yule mtoto mweusi. Pamependeza.

Fundi viatu ameapa kuwa hata ng'ombe wawili wakivuta, hakibanduki kitu. Ni kweli. Naandika kwa mkono wa kushoto. Kidole cha kulia kimeganda kwenye kipepeo cha mwisho tangu adhuhuri, mume amejaribu kwa mafuta ya mnyororo, bado. Kesho twende wote kwa mchapishaji, mimi, bango na kidole.

Lakini tazama ukurasa huu. Chini hapa pamebaki patupu. Aibu iliyoje!

Ngoja nichore ua.