Guta Langu Kwenye Majaribio

Jumatano, 11 Februari
Magari ya Formula One yameanza majaribio Bahrain leo, kwa mujibu wa Innocent kinyozi, mwenye simu yenye bando. Nimenyolewa mara mbili ili niendelee kutazama. Sasa sina nywele, ila nina siri mbili.

Ya kwanza: timu kubwa hujaza mafuta mengi ziende taratibu, wapinzani wasijue kasi yao. Ya pili: hupaka gari rangi mbichi, upepo unaacha michirizi, fundi anaisoma.

Keshokutwa wafuga nyuki wa Ugalla wanachagua guta moja, pikipiki ya matairi matatu, la kubeba asali yao, mwaka mzima. Nikikosa, narudi kwenye matofali. Mpinzani ni mmoja, Lyamba. Hajawahi kutazama mbio hata dakika moja. Maskini.

Alhamisi, 12 Februari
Rangi sina. Nimepaka guta asali, chupa nzima ya mke wangu. Kabula ameuliza, "Baba Agape, hilo guta unaliosha au unalilisha?" Nimemweleza kuwa ni teknolojia. Ameeleza kuwa chupa ilikuwa ya mama yake.

Nimezunguka mtaa wetu wa Shanwe mara nane. Matokeo: upepo unatoka mbele. Nimeongeza mifuko mitatu ya mchanga, kuficha kasi.

Ijumaa, 13 Februari
Ndoo ishirini kila mmoja, kutoka ghala la kikundi hadi barabara kuu. Mwenyekiti, Mama Cecilia, ameshika saa.

Nyuki wa Ugalla hawana nidhamu. Wamevamia guta kabla sijapiga kiki. Nyuki wa mizinga mitatu, kwa makadirio ya Mama Cecilia, na yeye huwa hakosei. Nimeendesha nikiwa nimejifunika turubai. Mtaro mmoja nimeukuta bila kuutafuta.

Lyamba: dakika arobaini. Mimi: saa mbili na robo. Nilimkuta amekaa anatafuna muwa. Aliniangalia uso uliovimba, akasema, "Method, kichwa kimeongezeka hivyo, nywele za kukitosha utazitoa wapi?"

Kazi amepewa Lyamba, mpaka Desemba. Nimemkumbusha Mama Cecilia kwa heshima kwamba haya yalikuwa majaribio tu, na hakuna anayepewa kombe kwenye majaribio.

"Baba," amesema, "sisi huku tukishajaribu, tumeshaamua."

Mwanamke huyu haelewi mchezo.

Jumamosi, 14 Februari
Jicho la kushoto limefunguka. Nimebeba matofali, safari nne hadi Mwamkulu.

Nimetafakari kwa utulivu. Lyamba ameonyesha kasi yake yote mbele ya watu. Yangu hakuna anayeijua. Hata mimi siijui. Mkakati umefanikiwa kikamilifu. Kosa lilikuwa moja: asali ilipakwa nyembamba mno, michirizi haikusomeka. Kabula ameficha chupa ya pili. Iko nyuma ya pipa la unga.

Majaribio yanaendelea Bahrain Jumatano, tarehe 18, amesema Innocent. Nywele hazijaota. Nitanyoa ndevu.