Jina la Kogo, Lile Lenyewe

Leo nimepatikana, watu wangu. Tena mbele ya wamama.

Mnanijua. Nilianza na baiskeli na mitungi ya maziwa, Kapseret hadi mjini. Shule niliiacha njiani. Leo lori zangu zina jina langu mbele, ubavuni na nyuma. (Hata mlangoni. Mchoraji aliniuliza kama nina uhakika.)

Sasa, kijana wangu anayekaa Kimumu amepata mtoto msichana. Kwetu, wamama hukaa na mtoto wakitaja majina ya wazee waliotangulia. Akipiga chafya, lililotajwa ndilo lake. Ni kazi ya wanawake. Lakini mimi ni nani wa kukaa nje? Nikaingia na suti.

"Nyinyi pumzikeni," nikasema. "Huyu ni wa Kogo, nyanya aliyenilea. Nitamtaja mwenyewe." Nikainama. "Kogo!"

Mtoto kimya.

"Kogo!" (Labda hakusikia.)

Senge, dada ya baba yangu, akaweka kikombe chini. "Kogo gani? Humu ndani sisi wote ni kogo."

"Kogo wetu! Mama yako mzazi!"

"Alikuwa anaitwa nani?"

Wueh! Nikatafuta hilo jina kama mtu amepoteza funguo. Huyo mama alinificha nyuma ya ghala mzee akitaka kunichapa. Aliniwekea ugali wa mwisho. Jina? Hakuna! Hata kaburi lake nililijenga vizuri, nikaandika KOGO WETU, herufi kubwa.

Mke wa kijana wangu akageukia dirisha, mabega yakitetemeka. Wamama wengine hawakujificha. Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Senge hakucheka. "Unajua hilo neno linatoka wapi? Kwenu, wajukuu. Yeye alikuwa msichana, anaimba, ana jina lake. Mkazaliwa, mkaanza kumwita kogo, na akaitika kwa furaha mpaka lile lingine likanyamaza. Ndiyo maana tunataja."

Akamsogelea mtoto sikioni. "Tapkigen."

Chafya! Kofia ikateleza mpaka kwa macho.

"Haya," Senge akaniambia, "salimia kogo."

Nikamsalimia. Mimi na kitambi changu, nikimwamkia mtoto wa blanketi kwa heshima zote.

Sasa niko ndani ya gari. Kesho mchoraji haendi kwa lori, anaenda kwa kaburi.

Cheka ukitaka. Lakini kwanza andika hapo chini jina la nyanya yako. Lile lenyewe.