Mgongo Wangu na Kamera ya Mwalimu Hedwiga

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Balaa! Jirani yangu, Mwalimu Hedwiga, amefunga kamera barazani kwake. Mwanawe Clemence kamletea kutoka Dodoma. Nyeupe, ina jicho moja jeusi, na jicho lenyewe linatazama uani kwangu. Si getini kwake. Si kwenye banda la kuku wake. Kwangu!

Wakati mwingine wowote nisingejali. Lakini wiki ya nne hii mimi ni mgonjwa wa mgongo. Nilianza kuumwa siku ileile ulipoitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kila nyumba itoe mtu na jembe. Anayekosa bila sababu hapewi zamu ya maji. Mgonjwa anasamehewa. Zamu yangu ni Jumamosi, na maharage yameanza kutoa maua. Yakikosa maji wiki hii, hatuna makande mpaka mwakani.

Kwa hiyo leo nimetembea na mkongojo uani kwangu mwenyewe. Mpaka chooni. Humo ndani nimeugulia kwa sauti, ingawa choo kina mlango.

Jumanne, 10 Septemba

Msaragambo leo. Sikwenda, naumwa. Mke wangu Asteria kakataa kwenda badala yangu. Kasema hana mgonjwa yeyote wa kumwakilisha.

Nikamfuata mwenyekiti wa kitongoji, Zebedayo, akirudi na tope mpaka magotini. Nikamweleza kwamba faragha ya mtu imo kwenye Katiba. Akasema ni kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni Novemba, hivyo siku hizi lolote unalomwambia ni kweli. Akauliza uani kwangu nina nini cha kuficha. Nikasema sina, ila haki ni haki. Akauliza nimepandaje kilima chote kile na mgongo huu. Nikasema nimepumzika njiani mara tisa. Ikabidi nishuke taratibu, maana alisimama kunitazama. Njia ya dakika kumi, nimetumia saa nzima!

Jumatano, 11 Septemba

Nimeanika mablanketi yote kambani, kuliziba lile jicho. Nyuma yake nikapasua kuni. Raha iliyoje! Nusu saa tu. Asteria akaja akayaanua, kasema watu watadhani nyumba nzima tunakojoa kitandani. Nikabaki hadharani nimeinua shoka. Nikaliteremsha polepole, nikaliegemea.

Jioni nikamwendea Mwalimu mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, maana kanizidi miaka kumi na miwili na ndiye aliyenifundisha darasa la tatu. Hapo ndipo nilipoharibu. Ni vigumu kumfokea mtu aliyekwisha kukuitikia marahaba. Akasema kamera ni ya wezi wa kuku, na kama mimi si mwizi wa kuku, nilale usingizi. Akauliza mgongo unaendeleaje. Aliuliza akitabasamu! Ameona yote, nina hakika.

Alhamisi, 12 Septemba

Dawa ya kamera ni kamera. Nimeshuka Same na basi la kwanza, nimerudi na kamera yangu pamoja na fundi, Idrisa. Kaifunga kwenye nguzo ya jiko na kuiunganisha na simu yangu. Kanitahadharisha kwamba inaona upana wote, hata uani kwangu. Nikamwambia bora zaidi, ione yote.

Mpango uko hivi. Kuku wa Mwalimu huvuka mfereji kila siku, wakaparua tangawizi yangu. Nikiuanika ushahidi, ataona aibu aing'oe kamera yake kwa mikono yake. Idrisa kauliza kwa nini nisiende tu kumwambia afunge kuku. Mafundi hawaelewi siasa.

Ijumaa, 13 Septemba

Ushindi! Saa tatu asubuhi, kuku sita, jogoo mbele, wamevuka. Nimewafukuza mwenyewe. Kisha nikakaa kivulini, nikaituma video kwenye kundi la wasapu la kitongoji, watu mia na arobaini. Nikaandika: tazameni wenyewe muone nani mkweli.

Kisha vicheko. Vicheko vingi mno kwa suala zito kama hili.

Nikaitazama tena. Kuku wanaonekana, sikatai. Lakini nyuma yao kuna mtu anaruka mfereji kwa hatua moja, anainama, anaokota jiwe, analirusha, anaruka tena kurudi. Mkongojo kauacha mlangoni. Mtu huyo kavaa kofia yangu.

Nikafuta. Nimechelewa. Rodgers, katibu wa kamati ya maji, alikwisha kuandika kwamba kamati inampongeza ndugu Anaeli kwa kupona, na zamu yake ya kesho anapewa Mwalimu Hedwiga, ambaye hajakosa msaragambo hata mmoja. Ana miaka sitini na minane!

Jumamosi, 14 Septemba

Nimesimama kwenye tuta nikatazama maji yangu yakinipita kwenda kwake. Maharage yamelegea majani. Imeniuma, sifichi. Asteria aling'oa magugu tu, mstari hadi mstari, na mimi nikatamani anitukane.

Mwalimu akaja. Shikamoo, marahaba. Akasema shamba lake likishiba atatufungulia yanayobaki, kwa ajili ya Asteria, si kwa ajili yangu. Nikamshukuru. Nikamuuliza kwa nini basi hakunishtaki mapema, na kamera yake ilikuwa inaniona. Akashangaa. Kasema kamera haijawaka hata siku moja. Clemence alisahau waya wake Dodoma.

Wiki nzima nimeugulia mbele ya kopo la plastiki!

Jumapili, 15 Septemba

Maharage yamesimama nusu. Nusu ndogo. Kanisani wametangaza msaragambo mwingine, Jumanne.

Nimetafakari mahubiri yote, na kosa langu nimeliona wazi. Nilichagua ugonjwa unaoonekana. Mgongo unapigwa picha. Sikio halipigwi. Kuanzia leo sisikii vizuri. Pembe ya msaragambo ikipulizwa itanipita tu, na hakuna kamera duniani itakayothibitisha kwamba mtu amesikia.

Nimemweleza Asteria mpango wote. Akaingia jikoni, na kutoka huko ndani, kwa kunong'ona, akasema makande yameiva.

Nikamwitikia kwamba nakuja.