Hotuba Yangu ya Busisi

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Nimepandishwa cheo! Tangu mchana sijaweza kula.

Habari yenyewe ni hii. Kiwanda chetu cha nyavu hapa Nyakato kimeuzwa. Serikali imetoka, tajiri ameingia, na pamoja naye ameingia meneja mpya, Bwana Ndalahwa. Mtu mfupi, viatu vinang'aa, hacheki. Wenzetu wengi wameshapunguzwa. Tuliobaki tunasalimiana kwa sauti ya chini kama tuko msibani. Leo akaniita ofisini. Nikajua ndiyo basi. Nikaiaga meza yangu kimoyomoyo. Kumbe! Akasema kuanzia leo mimi ni Mkuu wa Mauzo. Akasema nyavu za nje zimejaa madukani, wavuvi wametukimbia, na Jumamosi nitavuka kwa feri hadi Busisi nikasimame mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, niwaeleze wavuvi kwa nini warudi kwetu. Yeye mwenyewe atakuwepo, anasikiliza.

Nikasema, "Hilo dogo, mzee."

Sijui nani alisema hivyo. Sauti ilikuwa yangu.

Ukweli ni kwamba sijawahi kuhutubia hata kuku. Kwenye ubatizo wa mwanangu Paulo niliombwa neno moja tu. Nikawashukuru wageni kwa kuja mazishini. Padri alikohoa mpaka nikakaa.

Mke wangu Wilhelmina ameuliza mbona natoka jasho. Nimemwambia ni uzito wa madaraka. Amesema nisali, nilale. Nimesali. Usingizi haujaja.

Jumanne, 6 Septemba

Nimepata njia! Kuumwa. Mgonjwa hahutubii.

Nimekwenda zahanati. Bahati mbaya nimemkuta nesi Josepha, mtu wa kwetu Kagera, anayejua ukoo wangu wote na tabia zake. Nikamwambia kichwa, baridi, viungo. Akanigusa paji la uso. Akasema nimepoa kuliko soda ya barafu. Akauliza kazini kuna nini. Nikajibu kwa ukali kwamba kazini hakuna kitu, hii ni malaria. Akanitazama. Akasema haya, kama ni malaria dawa ipo, akachukua sindano ya klorokwini.

Mimi nilitaka ED tu, ile karatasi ya ruhusa ya mgonjwa, nipumzike nyumbani mpaka Jumapili! Nikafungua mdomo kujieleza. Nimechelewa. Sindano ilikuwa imeshaingia.

ED hakunipa. Amesema malaria ya namna hii inapona mtu akiwa kazini.

Jumatano, 7 Septemba

Nawashwa! Kazi ya klorokwini hiyo. Nyayo, mgongo, viganja, hata ndani ya masikio. Asubuhi Wilhelmina amenikuna mgongo kwa mwiko, anacheka, machozi yanamtoka. Nilimwomba aache kucheka au aache kukuna. Akaacha kukuna.

Kazini nimejikuna kwenye fremu ya mlango, kwenye kabati, kwenye robota la nyavu. Bwana Ndalahwa akanikuta hapo kwenye robota. Kabla sijasema, rafiki yangu Shigela, tunayekaa naye ofisi moja, akadakia: "Mzee, huyu jana kachomwa sindano ya malaria. Na leo kaja!" Alitaka kunisaidia, maskini. Meneja akawaita wafanyakazi wote. Akasema huyu ndiye mfanyakazi, na mtu wa namna hii hapunguzwi. Nikapigiwa makofi, huku nikijikuna.

Sasa nitaachaje kwenda? Laiti ningenyamaza jana. Laiti ningesema tangu Jumatatu, "Mzee, naogopa." Maneno mawili tu. Yangeniua?

Alhamisi, 8 Septemba

Kuwashwa kumepungua. Hofu imebaki palepale.

Shauri jipya: nimtoe Shigela badala yangu. Ni Msukuma wa Magu, mcheshi, nyumba yake inatazamana na yangu. Kuhusu nyavu hanishindi kitu. Sote tumekaa ofisini maisha yote. Ila yeye haogopi watu. Marehemu baba alipofariki, Shigela ndiye aliyepanda meli nami hadi Bukoba, akawafariji mpaka mashangazi ambao hawaelewi Kiswahili chake. Nikamweleza meneja kwamba kazi hii inamfaa Shigela kuliko mimi. Meneja akasema wazo zuri sana: Shigela atakwenda kama msaidizi wangu.

Si haba. Nusu ya mzigo imetoka.

Baada ya kazi tukafanya mazoezi nyuma ya ghala. Shigela akawa mvuvi, mimi nikawa mimi. Sikufanya vibaya! Kisha akasema tubadilishane, anionyeshe. Akapanda juu ya robota. Akawasalimia kina mama wanaoshona nyavu kana kwamba ni wavuvi, akawatania, akawauliza nani ana mume anayerudi na maji tu ndani ya mtumbwi. Walicheka mpaka wakaegemeana. Nikageuka, nikamwona Bwana Ndalahwa dirishani. Alikuwa anacheka! Kumbe ana meno, tena mengi.

Msaidizi wa namna hii ni msaidizi, au ni mkuu anayesubiri kiti?

Ijumaa, 9 Septemba

Jioni Shigela kaniuliza gari la kwenda Busisi litatupitia wapi kesho. Linatoka hapa getini kiwandani. Nami nilijua.

Nikamwambia, "Nyamagana, pale posta."

Mdomo uliwahi kabla yangu. Si ubaya. Ni mpangilio tu. Atachelewa kidogo, mimi nitahutubia kwanza, naye atafika kwa feri inayofuata, anisaidie kugawa nyavu. Kila mtu na zamu yake. Nikafikiri nimwite nimrekebishie, lakini alikuwa ameshavuka barabara, anaimba.

Leo nimekula ugali nikaongeza. Wilhelmina amefurahi, anasema sala zimejibiwa. Sikumwangalia.

Jumamosi, 10 Septemba

Getini meneja aliuliza Shigela yuko wapi. Nikasema labda kapitiwa na usingizi. Dereva akanitazama kwenye kioo. Tukaondoka.

Busisi, mwalo umejaa. Wavuvi, wachuuzi, kina mama wanaoanika dagaa, mbuzi. Nikapanda juu ya kreti. Nikasema, "Ndugu wavuvi, katika mfumo huu wa soko huria..." Basi. Kilichofuata kilikuwa kimeandikwa kichwani na kimefutika. Nikarudia soko huria. Mama mmoja akauliza hilo soko liko upande gani, la Sengerema au la mjini? Watu wakaanza kurudi kwenye mitumbwi yao. Hapo ndipo nilipomtafuta Shigela kwa macho, nikakumbuka nilikomweka.

Mvuvi mmoja, Ngosha, mtu wa mabega, akaniuliza kama nimewahi kuvua. Nikajibu mara nyingi sana. Akanipa wavu wetu wenyewe, akasema basi niutandaze, waone. Nikautandaza. Nikaukanyaga. Kifungo cha koti kikanasa, nikavuta, cha pili kikanasa, nikageuka, mguu ukaingia, nikaanguka mchangani. Kadiri nilivyojitahidi ndivyo ulivyonikaza. Mbuzi walikimbia. Wanaume wanne walinitoa kama sangara, jicho moja la wavu baada ya jingine. Na hakuna uzi uliokatika! Ngosha akauinua juu, akauvuta kwa mikono yote miwili, akapaza sauti: "Jamani, umemshika mtu mzima na koti lake!"

Walinunua nyavu zote. Zote! Meneja alinishika mkono, akasema hajawahi kuona maonyesho kama yale. Anaamini nilifanya makusudi.

Shigela alifika watu wakiwa bado wamejipanga. Alidandia lori la pamba mpaka Kigongo, kwenye feri. Nywele nyeupe kwa vumbi. Bwana Ndalahwa akamwuliza alikuwa wapi siku ya kazi kubwa kama hii. Shigela akanitazama. Akanitazama tena. Kisha akasema:

"Nilikosea mahali pa kusubiri, mzee. Nisamehe."

Meneja akasema tajiri ameagiza apunguze mtu mwingine mmoja, na alikuwa anakosa usingizi amchague nani. Sasa amepata. Jumatatu asije.

Niliita, "Mzee!"

Meneja akageuka. Shigela akageuka.

"Ndiyo, Venant?"

Nikasema feri inakaribia kuondoka.

Jumapili, 11 Septemba

Sikusikia hata neno moja la misa. Kutoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwa Shigela. Mkewe Rebeka akasema karibu shemeji, akanitengea sato na ugali kama siku zote. Nilikula. Aibu gani hii, kumlia mtu samaki katika hali ile! Lakini kukataa kungekuwa kukiri.

Rebeka alipotoka, nikaanza kuzunguka. Kwamba maelekezo ya kazini siku hizi yanachanganya. Kwamba posta na geti, ukisema haraka haraka...

Shigela akanawa mikono taratibu.

"Jana dereva aliniambia gari lilitoka getini, na kwamba ulijua," akasema. "Nikamwambia anakosea. Nikamwambia, Venant hawezi kunipoteza."

Hakupandisha sauti. Laiti angenipiga. Akaniuliza kama kuwashwa kumekwisha. Nikasema kumekwisha. Akasema afadhali. Kila siku hunisindikiza mpaka barabarani. Leo hakuinuka.

Nililia kabla sijafika mlangoni kwangu. Wilhelmina aliniuliza, nikasema vumbi. Akasema, "Baba Paulo, leo hakuna upepo." Sikumwambia. Ila nimeapa: kesho asubuhi, jambo la kwanza, nitamweleza meneja ukweli wote. Atanifukuza. Anifukuze. Shigela atarudi.

Jumatatu, 12 Septemba

Niliingia kwa meneja ukweli ukiwa mdomoni, nimeupanga vizuri. Yeye akaanza. Amesema tajiri amesikia habari za Busisi na amefurahi mno. Sasa nakwenda Ukerewe kwa meli, kisiwa kizima, mialo yote, kila mwalo hotuba. Akasema anataka nirudie lile la kunaswa.

Nikasema, "Mzee, kuhusu Shigela..."

Akasubiri. Alisubiri kweli, siwezi kusema sikupewa nafasi.

"...alikuwa mtu mwema."

Akasema ndiyo, bahati mbaya tu hajali muda. Ukweli ukarudi tumboni. Nitamwambia kesho. Au nikitoka Ukerewe, akiwa na furaha zaidi.

Usiku ule wa kwanza wa cheo sikulala. Nadhani usiku wa leo nao umekwenda. Maana si hotuba moja tena! Na sitakuwa peke yangu. Tunakwenda na Getruda, aliyeletwa leo na tajiri mwenyewe kukaa kwenye meza ya Shigela. Alikuwa mwalimu. Anazungumza kama redio. Meneja anasema nitapenda kufanya naye kazi.

Saa ya chai Getruda amekuja mezani kwangu kwa adabu, akaniamkia. Amesema amekulia Tabora, hajapanda meli hata siku moja, na anaogopa maji kidogo. Je, kwenda Ukerewe kuna shida yoyote?

Nimemvutia kiti. Nimemwambia akae vizuri, nimweleze habari za mawimbi.